Moshi wenye mwenyewe na moshi usio na mwenyewe: nani anachunga hewa ya Kongo?

Katika nchi yetu tunaongea kila siku juu ya mali iliyo chini ya ardhi: shaba, kobalti, koltani, dhahabu. Tunajua nani anachimba, nani anauza, nani anapigania. Juu ya hewa tunaongea kidogo sana. Lakini mtu anaweza kukaa siku kadhaa bila chakula, na siku moja au mbili bila maji. Bila hewa hamalizi hata dakika chache. Hewa haiuzwi sokoni, haina mipaka kama shamba, haina bei. Kwa hiyo wengi wanafikiri kwamba haina sheria pia.

Wapendwa wasomaji, sheria iko. Tena kwenye karatasi ni sheria nzuri. Shida ni kwamba sheria hiyo inafuata moshi wenye mwenyewe: moshi wa kiwanda, wa mgodi, wa kampuni iliyopewa kibali. Moshi unaoua watu wengi zaidi kati yetu ni ule wa jikoni, na mbele ya sheria huo hauna mwenyewe. Ndiyo maana tumezoea kuuhesabu kuwa sehemu ya maisha ya mwanamke, kama vile kubeba maji na kubeba kuni. Tunaona kwamba Kanisa halipaswi kukubali hesabu hiyo.

Ni nini kinachochafua hewa?

Tukisema "hewa chafu" tunachanganya mambo mengi. Inafaa tuyatenganishe, kwa maana kila moja lina chanzo chake na dawa yake.

La kwanza ni chembe ndogo: masizi, vumbi na majivu. Zile kubwa tunaziona juu ya meza na juu ya nguo zilizoanikwa. Pua na koo vinazuia sehemu yake. Zile ndogo sana, ambazo wataalamu wanaziita PM2.5, upana wake ni karibu sehemu ya thelathini ya unywele mmoja. Hazionekani kwa macho, zinafika ndani kabisa ya mapafu, na nyingine zinaingia katika damu. Kwa hiyo moshi unaleta kikohozi na pia ugonjwa wa moyo na kiharusi.

La pili ni gesi. Madini yenye salfa yakiyeyushwa yanatoa gesi ya salfa dioksidi, inayochoma koo na macho, na ikikutana na mvua inageuka kuwa asidi. Injini za mazuti na esansi zinatoa gesi za naitrojeni. Makala yanayowaka bila hewa ya kutosha yanatoa kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi. Inachukua nafasi ya oksijeni katika damu na kumwua mtu akiwa usingizini. Kila mara tunaposikia kwamba jamaa wamekutwa wamekufa katika chumba kilichofungwa chenye mbabula, na majirani wakianza kutafuta mchawi, tukumbuke jina la gesi hiyo.

La tatu ni metali zinazosafiri pamoja na vumbi: risasi, kadimi, aseniki, kobalti. Hizi haziishi upepo ukitulia. Zinalala juu ya udongo, zinaingia katika mboga na katika mikono ya watoto wanaocheza chini.

Vyanzo vyake katika nchi yetu ni vinne kwa ukubwa: viwanda na migodi; magari, pikipiki na jenereta; moto wa takataka na wa mashamba; na jiko la nyumbani. Kuna cha tano, ambacho watu wa Goma na Sake wanakijua kuliko sisi wengine, nacho ni mlima wa moto. Nyiragongo inatoa gesi ya salfa hata wakati haimwagi lava. Tena kandokando ya Ziwa Kivu kuna mazuku, yaani mashimo na mabonde madogo ambamo kaboni dioksidi inatoka ardhini. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inalala chini kama maji katika bakuli. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama, na mtoto au mbuzi akaanguka na kufa mahali palepale. Hakuna sheria inayoweza kuikataza mazuku. Serikali inaweza kuweka alama, kufundisha watu, na kukataza kambi za wakimbizi zisijengwe katika mabonde hayo. Tunaanza na mfano huu kwa sababu unaonyesha mpaka wa jambo lenyewe: kuna hewa mbaya iliyotoka katika maumbile, na kuna hewa mbaya iliyotoka katika maamuzi ya watu. Hii ya pili ndiyo inayodai sheria.

Bomba la Lubumbashi

Mfano mkubwa wa moshi wenye mwenyewe katika Kongo uko Lubumbashi. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi mwaka 1911 chini ya kampuni ya Kibelgiji, Union Minière du Haut-Katanga. Mji ulikua pembeni ya bomba lake la moshi. Upepo unaovuma sana kule unatoka kusini-mashariki, basi kwa miaka mingi moshi ulisukumwa upande wa kaskazini-magharibi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wanaiita sehemu hiyo koni ya uchafuzi. Ndani yake msitu wa miombo ulikufa, na udongo ukajaa shaba, zinki, risasi na kadimi. Sehemu inayoitwa Penga Penga imo ndani ya koni hiyo. Kuyeyusha kulisimama katika miaka ya 1990, wakati Gécamines, iliyorithi kazi ya Wabelgiji, ilipoanguka. Moshi ulikwisha, lakini metali zilibaki katika udongo, na watafiti walianza kupanda majani na miti yenye kuvumilia shaba ili kulifunga vumbi lisipeperuke.

Je, wakati ule wenye kiwanda walijua madhara ya moshi? Mwezi wa Desemba 1930, katika bonde la mto Meuse, huko huko Ubelgiji, kati ya mji wa Huy na Liège, ukungu ulifunika moshi wa viwanda kwa siku chache. Zaidi ya watu 60 walikufa. Wataalamu waliotumwa kuchunguza walisema kwamba gesi za salfa kutoka viwandani ndizo zilizokuwa na kosa. Kwa hiyo tangu mwaka ule Ubelgiji ilijua kwamba moshi wa kiwanda unaua. Bomba la Lubumbashi liliendelea kufuka zaidi ya miaka sitini baadaye, kwanza chini ya wakoloni, kisha chini ya taifa letu wenyewe. Tunapotaja kosa la mkoloni, tusiifiche ile sehemu ya mwisho.

Leo moshi wa Katanga umebadilika sura. Huko Kolwezi, katika mtaa wa Kasulo, watu walikuta kobalti chini ya nyumba zao na wakaanza kuchimba ndani ya viwanja. Mwaka 2018 Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leuven, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao. Walipima vumbi la ndani ya nyumba, damu na mkojo wa wakaaji. Kobalti ilikuwa nyingi zaidi kwa watu wa mtaa ule kuliko kwa wale wa mtaa waliolinganishwa nao, na watoto ndio walioathirika zaidi. Mwaka 2020 watafiti walewale walionyesha kwamba baba anayefanya kazi ya madini yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuzaa mtoto mwenye kasoro za mwili. Mtoto hajazaliwa bado, na vumbi limekwisha kumfikia.

Sheria inasema nini?

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 inasema katika kifungu cha 53 kwamba kila mtu ana haki ya kuishi katika mazingira yenye afya, tena ana wajibu wa kuyatetea. Neno "wajibu" tuliweke moyoni: Katiba haiombi wananchi wangoje serikali. Kifungu cha 54 kinaongeza kwamba kila uchafuzi unaotokana na kazi ya uchumi unadai fidia au matengenezo.

Sheria nambari 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 ndiyo msingi wa kulinda mazingira. Ndani yake mna kanuni kwamba anayechafua ndiye anayelipa. Inadai pia kwamba kila mradi unaoweza kudhuru mazingira uanze na uchunguzi wa matokeo yake kwa mazingira na kwa jamii, ule unaoitwa EIES kwa kifupi cha Kifaransa, na kwamba wakaaji waulizwe maoni yao. Mwaka 2014 kukaundwa Agence Congolaise de l'Environnement ili kuchunguza hati hizo. Kwa upande wa migodi, Sheria ya Madini ya mwaka 2002, iliyotengenezwa upya mwezi wa Machi 2018, inamlazimisha mwenye kibali kulipia madhara aliyoyaleta kwa watu, mali na mazingira, hata kama hakuna kosa wala uzembe uliothibitishwa juu yake. Inamdai pia atenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa mahali.

Msomaji wa Biblia hawezi kushangazwa na kanuni hii. Katika Kutoka 22:6 Musa anaagiza kwamba mtu akiwasha moto, nao ukaenea na kuteketeza mavuno ya jirani, yule aliyeuwasha atalipa. Haulizwi kama alikusudia mabaya. Anaulizwa tu: moto ni wa nani? Ndivyo Sheria ya Madini inavyosema leo, miaka zaidi ya elfu tatu baadaye.

Basi kama sheria iko hivyo, mbona watu wanaendelea kukohoa? Tunaona sababu tatu. Ya kwanza, kanuni ya anayechafua ndiye anayelipa inahitaji ushahidi, na ushahidi wa hewa ni kipimo. Ya pili, anayepaswa kukagua hana gari wala mashine, na mara nyingine anasafirishwa na kampuni ileile anayokwenda kuikagua. Ya tatu, watu wengi hawajui kwamba wana haki ya kuulizwa. Hati ya uchunguzi imeandikwa kwa Kifaransa kigumu, kurasa mamia, na mkutano wa wakaaji unafanyika siku moja ambayo wengi wako shambani.

Moshi wa jikoni

Sasa tuje kwa moshi ambao sheria hizi haziugusi. Shirika la Afya Ulimwenguni linakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa ndani ya nyumba uliua watu milioni 3.2 duniani, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto chini ya miaka mitano. Katika Kongo zaidi ya watu tisa kati ya kumi wanapika kwa kuni au makala. Hakuna kiwanda chenye wafanyakazi wengi hivyo, wala wafanyakazi wanaokaa karibu hivyo na bomba. Mama anainama juu ya mbabula akiwa na mtoto mgongoni. Pua ya mtoto huyo iko karibu na moshi kuliko pua ya mwajiriwa yeyote wa mgodini.

Nani atalipa hapo? Kwa kanuni ya anayechafua, mama ndiye mchafuzi, naye ndiye mgonjwa. Kumtoza faini ni kumpiga mtu aliyekwisha kuanguka. Ndiyo maana sheria inapita mbali, na moshi unabaki bila mwenyewe.

Lakini tuulize vizuri: kwa nini anapika kwa makala? Si kwa kuyapenda. Bwawa la Inga la kwanza lilianza kutoa umeme mwaka 1972, la pili mwaka 1982. Mwaka uleule wa 1982 ulikamilika mstari mkubwa wa umeme kutoka Inga mpaka Kolwezi, urefu wa kilometa 1,700 hivi, uliojengwa ili kulisha migodi ya Katanga. Mstari huo unapita juu ya vijiji ambavyo mpaka leo havina hata taa moja. Umeme unapita juu ya kichwa cha mama anayeokota kuni. Katika nchi nzima, ni takriban mtu mmoja tu kati ya watano anayepata umeme, na wengi wa hao wanaupata saa chache, kisha unakatika. Mto Kongo pale Inga ungeweza kutoa megawati 40,000 na zaidi.

Tukiiona hesabu hiyo, tunatambua kwamba moshi wa jikoni nao una mwenyewe. Mwenyewe ni yule aliyeamua umeme uende wapi na usiende wapi. Ni uamuzi wa watu waliokaa katika ofisi, miaka kwa miaka, chini ya serikali mbalimbali. Mama ndiye anayepokea mwisho wa uamuzi huo ndani ya mapafu yake.

Makala yana deni lingine pia. Miombo inayozunguka Lubumbashi inakatwa kwa ajili ya mbabula za mji. Huko Kivu ya Kaskazini, ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeeleza jinsi makala ya mbuga ya Virunga yalivyolisha vikundi vya silaha. Kwa hiyo anayesema kwamba habari ya moshi ni habari ya watu wenye amani, na kwamba sisi tuongee vita tu, aangalie tena gunia la makala na aulize limetoka wapi. Aangalie pia kambi za waliokimbia vita, ambamo watu wanapika chini ya turubai.

Je, sheria inaweza kuingia jikoni?

Wengine watasema haiwezekani, jiko ni jambo la nyumba. Historia inajibu kwamba inawezekana. Mwezi wa Desemba 1952 moshi mzito ulifunika mji wa London kwa siku tano. Hesabu ya kwanza ilikuwa ya watu 4,000 hivi waliokufa. Watafiti waliofuata wamesema walikuwa wengi zaidi. Sehemu kubwa ya moshi ule ilitoka katika mamilioni ya majiko na meko ya nyumbani yaliyochoma makaa ya mawe. Mwaka 1956 bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya hewa safi. Ilitenga maeneo ambamo moshi ulikatazwa, lakini haikuishia hapo: serikali kuu na za miji zililipa sehemu kubwa ya gharama ya kubadili meko za watu. Katazo na msaada vilikwenda pamoja.

Afrika nayo ina mfano wake. Mwaka 2001 serikali za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana kule Dakar kuondoa madini ya risasi katika esansi, kwa sababu risasi ile ilikuwa inaharibu akili za watoto. Kufikia mwanzo wa 2006 kazi hiyo ilikuwa imekwisha katika eneo letu lote. Hakuna aliyewatoza faini wenye pikipiki; serikali zilibadilisha kinachouzwa kwenye pampu.

Jirani zetu wa Tanzania wameanza njia hii kwa upande wa jiko. Mwaka 2024 walitangaza mpango wa miaka kumi, wenye lengo kwamba kufikia 2034 watu 80 kati ya 100 wapike kwa nishati safi. Wameanza na taasisi kubwa: shule, magereza na mahali pengine panapopikia watu wengi, zimeagizwa kuacha kuni na makala.

Hapa tuwe waangalifu na majibu mepesi. Miradi mingi inakuja kwetu na mbabula zilizoboreshwa, zinazotumia makala machache zaidi. Zinasaidia mfuko wa nyumba na msitu, na hilo si dogo. Lakini nchini Malawi watafiti walifuatilia zaidi ya watoto 10,000 katika vijiji vilivyopewa majiko ya kuni yaliyoboreshwa na vijiji ambavyo havikupewa. Waliotumia majiko yale hawakuugua nimonia kidogo kuliko wengine. Moshi uliopungua haukuwa umepungua vya kutosha, na watoto waliendelea kuvuta moshi wa takataka, wa taa na wa majirani. Afya ya watoto inadai zaidi ya jiko jipya: inadai kubadili kinachochomwa, na inadai mtaa mzima ubadilike pamoja. Kwa hiyo umeme na gesi ni mambo ya afya, sawa na chanjo.

Kisichopimwa hakitetewi

Tumesema kwamba ushahidi wa hewa ni kipimo. Shirika la Afya Ulimwenguni lilipunguza viwango vyake mwaka 2021: wastani wa mwaka wa chembe ndogo za PM2.5 usizidi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Hiki ni kiwango cha shauri, si sheria. Kila nchi inapaswa kuweka chake na kukipima.

Mwaka huohuo wa 2021 yalitangazwa matokeo ya watafiti waliopima chembe hizo Kinshasa na Brazzaville kwa mashine ndogo za bei nafuu. Waliyaita vipimo vya kwanza vya namna hiyo katika miji hiyo miwili. Kinshasa, mji wa mamilioni ya watu, ilipimwa miaka sitini baada ya uhuru. Wastani wake ulipita mikrogramu 40, yaani zaidi ya mara nane ya kile kiwango. Jambo la kututia moyo ni kwamba mashine zile hazikuwa kubwa wala za ghali kama zile za Ulaya. Mashine ya namna hiyo inaweza kutundikwa juu ya ukuta wa shule au wa kituo cha afya.

Kazi ya makanisa

Katika Walawi 14 kuna agizo ambalo wahubiri wengi wanaliruka. Mwenye nyumba akiona alama ya ugonjwa ukutani, anamwita kuhani. Kuhani anaingia, anaangalia kuta, anaifunga nyumba siku saba, anarudi kuangalia tena, anaamuru mawe mabaya yatolewe. Hamwulizi mwenye nyumba ametenda dhambi gani. Anauchunguza ukuta. Mtumishi wa Mungu alikuwa mkaguzi wa nyumba kwa ajili ya afya ya watu, naye alifanya kazi kwa kuangalia, kungoja na kuangalia tena.

Kutokana na hilo tunapendekeza mambo matano kwa parokia na jumuiya zetu.

Moja, tuseme ukweli juu ya chanzo cha ugonjwa. Kikohozi cha mama wa miaka hamsini ambaye hajavuta sigara hata siku moja kina historia ya miaka arobaini ya moshi. Tumwombee, na pia tumpeleke kwa daktari, na tumkataze mtu yeyote asimtaje mchawi.

Mbili, tufundishe katika mikutano ya wamama, na zaidi sana katika mikutano ya wababa, kwa kuwa wao ndio wanaojenga jiko: mbabula iwashiwe nje, mtoto asiwe mgongoni wakati wa kuwasha, kuni ziwe kavu, jiko liwe na dirisha mbili zinazotazamana, na mbabula isilale kamwe ndani ya chumba cha kulala. Wale wa Goma na Sake wafundishe watoto majina ya mabonde yenye mazuku.

Tatu, tuanze na majiko yetu wenyewe. Shule, hospitali, vituo vya afya na shule za Biblia za jumuiya zetu zinapikia watu wengi kila siku. Mahali penye umeme au gesi, bajeti ya mwaka iweke kwanza jiko la taasisi. Ikiwa sisi wenye kamati na mweka hazina tunashindwa, tutamwambia nini mama mwenye sufuria moja?

Nne, mahali penye migodi na viwanda, kila parokia iwe na watu wawili au watatu wanaojua kusoma hati ya uchunguzi wa mazingira na kuieleza kwa Kiswahili. Waende katika mkutano wa wakaaji. Waandike katika daftari siku, saa, upande wa upepo na idadi ya wagonjwa waliofika kituoni. Daftari lililoandikwa kila siku kwa mwaka mzima ni ushahidi ambao wakili anaweza kuutumia. Na jumuiya zetu ziulize vyuo vikuu vya nchi kuhusu mashine ndogo za kupimia. Paa za kutundikia tunazo.

Tano, tunapokutana na wabunge na viongozi wa jimbo, tuwaombe jambo moja lililo wazi: wasikataze makala kabla ya kuleta kitu kingine. Maelfu ya jamaa wanaishi kwa kuchoma, kubeba na kuuza makala. Katazo bila badala linaongeza bei, linatajirisha wanaopokea rushwa barabarani, na moshi unabaki. Kodi ya majiko ya umeme na ya gesi ishushwe, na kila mkataba mpya wa umeme kwa mgodi useme ni nyumba ngapi za kandokando ya mstari zitakazopata umeme.

Kitabu cha Mwanzo kinatuambia kwamba mtu wa kwanza alikuwa udongo mpaka Mungu alipompulizia pumzi puani. Pumzi ile ilikuwa zawadi kabla ya shamba, kabla ya kazi, kabla ya sheria yoyote. Sheria ya mwaka 2011 na Katiba ya 2006 zinaichunga zawadi hiyo kwa maneno. Wakati wa kupanga bajeti ya mwaka ujao, kila halmashauri ya parokia inaweza kuuliza maswali mawili ambayo hayagharimu kitu: jiko la shule yetu linachoma nini, na nani anakaa karibu nalo kila siku? Kisha iandike majibu.